Mkate wa Saa Kumi

Kidonda kilikuwa chini ya kisigino cha mguu wa kulia, kidogo kama tundu la kifungo, na Veisinia hakujua kama anacho mpaka Toakase, binamu yake waliyekuwa wakikanda unga pamoja, alipomuuliza nani amemwaga jamu sakafuni. Hapakuwa na jamu. Zilikuwa nyayo zake mwenyewe, zimetoka kwenye meza ya unga mpaka mdomoni mwa tanuri na kurudi, nyekundu, za upande mmoja tu.

Hakuwa amesikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililompeleka zahanati. Nesi Melaia alimlaza, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa unyayo kwa uzi mgumu wa plastiki. Kila mara alimuuliza, "Hapa unasikia?" na Veisinia akajibu kwamba anasikia. Mara ya mwisho alipojibu hivyo alifumbua macho, akamkuta nesi amekaa mbali, mikono mapajani, anamtazama tu.

"Baba yako nilimfunga bandeji mimi," Nesi Melaia alisema. "Naye alikuwa akinijibu hivyohivyo."

Baba yake alikatwa vidole, kisha mguu chini ya goti, kisha juu ya goti, kisha wakamzika. Nesi hakuyarudia hayo, maana kijiji kizima kilikuwepo. Alichosema ni kwamba ugonjwa wa sukari umeshaua mishipa ya fahamu ya miguu. Kidonda bado hakijafika mfupani, na mguu usipokanyagwa kitafunga. Ukikanyagwa, kitashuka, na kikifika mfupani yeye Melaia hatakuwa na kazi tena hapo. Kazi itakuwa ya mwenye msumeno. Aketi. Auinue mguu juu ya kitu. Asiusimamie hata kwa dakika ya kugeuza mkate.

Veisinia alirudi akihesabu watu wake. Siku za kazi angeweza: Toakase na mwanamke mmoja wa jirani wangekanda na kuoka, yeye angeketi dirishani akiuza. Tatizo lilikuwa Jumapili. Baba yake Toakase ndiye mwongoza kwaya, na binti wa mwongoza kwaya hakosekani kwenye ibada ya jioni. Yule jirani naye ni mke wa shemasi. Jumapili Veisinia alikuwa peke yake na tanuri, na Jumapili ndiyo siku ambayo watu walinunua mikate kuliko siku zote.

Hapa inabidi isemwe jambo ambalo watu wetu wamelisahau, au wanajifanya wamelisahau. Sheria ya Tonga inasema Jumapili hakuna kazi. Hakuna duka, hakuna shamba, hakuna ndege, hakuna mpira. Mpaka kimbunga kile kikubwa kilipobomoa nyumba na kung'oa minazi, watu wakalala njaa, na serikali ikawaruhusu waoka mikate wafungue Jumapili alasiri ili watu wapate cha kutia tumboni. Kimbunga kiliondoka. Ruhusa ikabaki. Watu wakazoea kutoka kanisani wakanunue mkate wa moto, wakaurarue kwa mikono garini, wakaunywee koko nyumbani, na watoto wao wakazaliwa wakidhani Mungu aliumba mambo hivyo. Taifa zima linapumzika, na mtu mmoja kila kijiji anasimama mbele ya moto ili mapumziko ya wengine yawe matamu.

Yale ya semina nayo hayajasahauliwa. Waliitwa hotelini mjini, Veisinia na wenzake wenye biashara mpya, wakakalishwa kwenye viti vyenye mito. Kijana kutoka ng'ambo aliyevaa shati jeupe akawafundisha namna ya kulinda afya ya mwenye biashara. Laleni vya kutosha, alisema. Wekeni mpaka kati ya kazi na nyumba. Jifunzeni kusema hapana. Watu walicheka kwa adabu, wakanywa chai yake. Hakuna aliyemuuliza: hapana, kwa nani? Watu wa aina hiyohiyo waliwahi kuwafundisha baba zetu kulima maboga ya kuuza nje. Baba zetu walilala shambani wakinyunyiza dawa bila kufunika pua, maboga yakapanda meli, bei ikaanguka, na semina ikahamia kwenye vanila. Hatujawahi kuona hata mmoja wao akirudi kuulizia vifua vya wale wazee.

Ijumaa Veisinia alitundika ubao dirishani: Jumapili hatufungui. Mumewe Kelepi alikuwa Australia akichuma zabibu msimu ule, na kwenye simu alimwambia amefanya vizuri. Halafu akamuuliza kama shangazi anajua.

Veisinia akamjibu kwamba shangazi anajua kusoma.

Lilikuwa jibu la mzaha, lakini wote wawili hawakucheka. Akanesi alikuwa dada mkubwa wa baba yake, na kwetu dada wa baba ndiye kilele. Akiingia nyumbani mwa watoto wa kaka yake hukaa pa juu na wao hukaa chini. Akitamani nguruwe, nguruwe ni wake. Kwenye msiba yeye huketi kichwani pa maiti akipewa mikeka mizuri, na watoto wa kaka yake huwa nyuma jikoni, kwenye moshi, wakipika. Wakubwa husema shangazi akinung'unika juu yako, hata moyoni tu bila kutamka, mwili wako hautapona. Veisinia alikuwa amesoma mpaka kidato cha sita na alijua sukari ni nini. Hata hivyo, alipolala usiku ule aliuweka mguu juu ya gunia la unga, akajikuta anajiuliza ni lini mara ya mwisho alimpelekea shangazi kitu kizuri.

Ijumaa na Jumamosi watu walinunua mikate, wakausoma ubao, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza. Angefurahi kama mmoja angeuliza.

Jumapili mchana kijiji kilikula kilichookwa kwenye mashimo ya makaa ardhini, magimbi na nyama ya kopo iliyofungwa kwenye majani na tui, kisha kikalala. Veisinia naye alijilaza kwenye chumba cha nyuma cha duka lake, palepale penye tanuri, ndiko alikokuwa akiishi tangu Kelepi aondoke. Mguu juu ya gunia. Tanuri lilikuwa baridi, na lilikuwa limepangwa kuni za Jumatatu. Mabeseni matatu ya unga wa Jumatatu, uliochachishwa Jumamosi, yalikuwa yamefunikwa vitambaa, unga ukivimba polepole gizani. Palikuwa kimya hata alisikia vitambaa vikiinuka, au alidhani anavisikia.

Kabla ya saa kumi lori la Semisi lilisimama nje. Semisi alikuwa mchukuzi wa mizigo na mtani wa kijiji kizima. Alichungulia dirishani, akaukuta ubao, akaita kwa sauti ya chini.

"Mama Mkate. Tanuri limeokoka leo?"

"Limeokoka, Semisi. Nenda kanisani ukalione."

"Nakwenda. Nikirudi nitalikuta limerudi nyuma kiimani, nalijua." Akacheka, akapiga bodi ya lori mara mbili, akaondoka.

Ilikuwa mara ya mwisho mtu kucheka siku ile.

Ibada ilipokwisha walikuja wote. Veisinia aliwatazama kupitia upenyo wa pazia. Walikuja wakiwa wamevaa nguo nyeusi, mikeka ya heshima imefungwa viunoni, Biblia mikononi, familia baada ya familia. Walifika dirishani, wakausoma ubao kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona, kisha hawakuondoka. Waliketi kwenye majani. Wengine waliketi kwenye ukuta mfupi wa makaburi ng'ambo ya njia, wengine magarini, milango wazi. Hakuna aliyegonga wala aliyelalamika. Walikuwa wakitazama bomba la moshi.

Kama wangetukana, angejua la kufanya. Mtu akikutukana unamrudishia. Hawa walikuwa wakimsubiri kwa upendo, kama unavyomsubiri mtu aliyechelewa kuamka, na kila dakika iliyopita walizidi kuwa wengi. Kisha mwongoza kwaya alitoa sauti ya kwanza ya wimbo kwa mdomo uliofumbwa, na wakaanza kuimba. Sauti nne, polepole, pambio la jioni. Toakase alikuwemo. Veisinia aliijua sauti yake katikati ya zote, na sauti hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko nyingine.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi. Mtu mmoja tu alikuwa na haki hiyo.

Shangazi Akanesi aliingia na fimbo, gauni jeusi mpaka chini, mkeka mpana kiunoni. Aliukuta mguu wa Veisinia juu ya gunia, unyayo umemwelekea usoni. Veisinia aliushusha upesi, akateleza kutoka kitandani mpaka sakafuni, ili kichwa chake kiwe chini ya kiuno cha shangazi kama inavyopasa.

"Unaumwa?" shangazi aliuliza.

Veisinia akamweleza habari ya kidonda, na alichosema Nesi Melaia, na Toakase na kwaya, na kwamba Jumapili yupo peke yake. Alizungumza akitazama sakafu. Alijisikia anaongea sana.

"Nesi kasema usisimame," shangazi alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi usisimame, mwanangu."

Alisema hivyo kwa upole wa kweli. Kisha akaufungua mkeka wake kiunoni, akaukunja, akauweka juu ya kiti. Akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko. Akaenda kwenye tanuri, akawasha kuni zilizopangwa, akapuliza, akangoja zishike. Akafunua beseni la kwanza, akamimina unga mezani, akaanza kukanda.

Msomaji asiye wa kwetu ataona mama mzee mwenye huruma. Veisinia aliona paa la nyumba likiporomoka. Dada wa baba yake, aliyepaswa hata maji ya kunywa aletewe, alikuwa anamfanyia kazi yeye, mtoto wa kaka, huku yeye ameketi. Jambo hilo halijawahi kuonekana. Hakuna hata neno letu la kulitaja. Na nje, moshi ulipoanza kutoka, wimbo ulipanda kidogo.

Alimsihi. Alisema atakanda yeye, ataoka yeye, shangazi aketi tu, aketi kwenye kile kiti. Alisema mguu hauumi hata kidogo, na hiyo ilikuwa kweli.

"Umeambiwa usisimame," shangazi akarudia, bila kugeuka. "Nami nimeambiwa watu wana njaa."

Hawana njaa, Veisinia alitaka kusema. Wamekula nyama mchana. Wanataka mkate kwa sababu ni Jumapili. Lakini maneno kama hayo hayasemwi kwa shangazi. Aliendelea kuketi sakafuni, akiitazama mikono ile ya kizee ikisukuma unga, ikiukunja, ikiusukuma. Joto lilianza kujaa chumbani. Shangazi alihema. Kila alipokwenda kwenye tanuri kuongeza kuni alishika ukuta, na kila aliporudi alichukua muda mrefu zaidi.

Aliweza kuvumilia beseni la kwanza. La pili lilipofunuliwa, Veisinia alisimama.

Hakuamua. Mwili ulisimama wenyewe, kama miili yetu ilivyofundishwa kabla hatujajua kusema. Unyayo ukagusa saruji na haukumwambia chochote. Alipiga hatua mpaka mezani, akaunyoosha mkono kuchukua donge la unga, na shangazi akasogea kidogo kumpisha, bila kushangaa, kama mtu aliyekuwa akihesabu dakika. Ndivyo walivyosimama, bega kwa bega, na Veisinia alikuwa ameshazamisha vidole kwenye unga alipoisikia harufu.

Alidhani ni chachu imeharibika. Akainama juu ya beseni. Beseni lilinuka vizuri. Harufu ilitoka chini. Ilikuwa tamu, nzito, kama matunda yaliyosahauliwa ndani ya mfuko, na alikuwa ameinusa mwaka mzima kwenye chumba kimoja tu, chumba cha baba yake.

Alitazama mguu wake kwanza. Harufu haikutoka hapo. Alitazama pindo la gauni la shangazi. Lilikuwa jeusi, kwa hiyo halikuonyesha kitu, lakini saruji chini yake ilikuwa imelowa.

"Shangazi. Inua gauni."

"Kanda."

"Inua gauni, shangazi."

Akanesi aliendelea kukanda. Veisinia alipiga magoti, akalishika lile pindo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya ajinyonge kwa aibu, akaliinua. Mguu ulikuwa umefungwa kwa vipande vya shuka, juu ya vipande vingine vya shuka. Vidole viwili vilivyotokeza vilikuwa na rangi ya chungu kilichoungua.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Mbona hukusema?"

Ndipo mikono ya shangazi ilipotulia. Alifikiri, kana kwamba swali lile hakuwahi kuulizwa na hakuwahi kujiuliza.

"Ningemwambia nani?" alisema. "Mimi ndiye mkubwa wenu."

Nje walikuwa wameanza ubeti mwingine. Veisinia alibaki magotini na pindo mkononi, na hasira ikampanda kutoka mahali asipopajua. Haikuwa kwa shangazi. Au ilikuwa kwa shangazi, na kwa kwaya, na kwa kijana wa shati jeupe, na kwa baba yake aliyejibu "nasikia, nasikia" mpaka msumeno ukafika gotini. Wa chini hana ruhusa ya kuchoka. Wa juu hana ruhusa ya kuumwa. Waliobaki katikati wameketi kwenye majani wakiimba, wakingoja mkate.

"Keti," alisema.

Shangazi alimtazama. Kwa miaka yake yote hakuna mtoto wa kaka yake aliyewahi kumpa amri.

"Keti chini, shangazi. Sasa hivi."

Aliketi. Aliketi palepale sakafuni, juu ya unga uliomwagika, kama mtu aliyekatwa kamba. Veisinia alichukua ndoo ya maji ya kunawia, akaenda kwenye tanuri kwa kisigino chenye kidonda, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kwenda, akayamwaga yote juu ya moto. Mvuke ukalipuka, ukajaa chumba, ukapanda kwenye bomba. Chumbani hawakuonana kwa muda.

Wimbo ulikatika. Haukuisha, ulikatika katikati ya mstari, sauti moja baada ya nyingine.

Alisikia watu wakisimama. Watu wengi wakisimama pamoja kwenye majani hutoa sauti kama mvua inayokuja kutoka mbali. Alisikia nyayo zikikaribia, bila haraka, zikasimama nje ya mlango. Kwa mara ya kwanza siku ile, mtu akagonga.

"Leo hakuna mkate," Veisinia alisema nyuma ya mlango uliofungwa.

Ikajibu sauti ya Semisi, lakini bila utani ndani yake. "Moshi tuliuona, bibie."

"Nimezima."

"Nani alikuwa anakanda?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilikuwa inajua jibu, kwa sababu wote walimwona Akanesi akizunguka nyuma ya nyumba.

Veisinia aliegemea mlango, akamtazama shangazi aliyeketi kwenye unga, uso umekuwa kijivu, midomo inatetemeka kwa homa ambayo labda alikuwa nayo tangu asubuhi. Hospitali ilikuwa mjini. Kelepi alikuwa ng'ambo. Magari yote aliyoyajua yalikuwa nje ya mlango huu, ya watu hawa. Kama angekuwa na njia nyingine, mlango usingefunguliwa.

Akaufungua.

Walikuwa wamejaa mpaka njiani. Walitazama ndani, juu ya bega lake, wakaiona picha nzima kwa mara moja: Akanesi sakafuni, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, mkeka wake kwenye kiti, gauni limepanda, mguu wazi. Na Veisinia amesimama.

"Semisi," alisema. "Leta lori mlangoni."

Walisogea kupisha. Hakuna aliyempinga, na hakuna aliyemtazama machoni. Wanaume wanne walimbeba shangazi kwa mkeka, kwa adabu zote, wakiinamisha vichwa. Toakase alisimama pembeni na kitabu chake cha nyimbo. Veisinia alipompita alimwambia Jumatatu awashe moto kama kawaida, lakini yeye hatakuwepo, na Jumapili moto usiwashwe kamwe. Toakase alitikisa kichwa kukubali, huku machoni mwake kukiwa na kitu kipya, kama woga.

Veisinia naye akapandishwa. Akaketi kwenye bodi ya lori, mgongo kwenye kibanda cha dereva, akauinua mguu wake juu ya mfuko wa nazi. Lori halikuwa limeondoka bado na tayari alisikia. Mwanamke mmoja alikuwa akimnong'oneza mwenzake kwenye ukuta wa makaburi, na yule mwenzake akampasia wa tatu. Alimkandisha shangazi yake unga. Mzee wa watu mguu umeoza amesimama. Yeye alikaa. Mpaka lori lifike barabara kuu habari itakuwa imeshafika kijiji cha pili, na itakaa miaka, na watoto wa Toakase wataisikia wakiwa wadogo, na hakuna atakayekumbuka ubao, wala nesi, wala tangu Pasaka. Kwa ajili hiyo imeandikwa hapa.

Shangazi alikuwa amelala chali, macho kwenye mawingu. Akauliza ni kwa nini watu wale hawaendi nyumbani.

Veisinia aligeuka kutazama. Mlango wa duka lake ulikuwa wazi. Wanawake walikuwa wanaingia mikono mitupu na kutoka na mabeseni, na wengine, kwa kuwa mabeseni ni matatu tu, walikuwa wakigawana unga mbichi kwenye majani ya migomba, kila mmoja donge lake, wakaenda nalo upesi kuelekea kwenye mashimo yao ya kuokea yaliyokuwa bado na makaa ya mchana. Hawakuuliza. Hawakuwa na haya wala ubaya. Mtoto mmoja alikuwa ameanza kulamba vidole.

"Wanaenda, shangazi," alisema. "Sasa hivi wanaenda."